Jongoo wa Mpapindini

Marehemu Hija Jecha, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliujua msitu wa Ngezi, huko Pemba, kwa magoti. Walinzi wenzake wa misitu walitembea wameinua vichwa, wakitafuta wakata miti na wachoma mkaa. Yeye kila akipata nafasi alitambaa. Alirudi nyumbani Makangale suruali zimetoboka magotini, na mkewe, Bi Kazija, akatia kiraka juu ya kiraka mpaka magoti ya suruali yakawa mazito kuliko suruali yenyewe.

"Nyinyi watu wa Kojani mnajua kuhesabu samaki tu," Hija alipenda kumtania, maana Kazija alizaliwa Kojani kwa wavuvi. "Hebu nihesabie huyu jongoo ana pete ngapi."

"Niache mchuzi jikoni nikahesabu pete za jongoo?"

Lakini alihesabu. Alikaa mlangoni penye mwanga, akaishika ile lenzi ndogo ya kukunja ambayo Hija aliachiwa na mtafiti mmoja aliyemwongoza msituni zamani, akahesabu kwa ncha ya unyasi. Pete ishirini. Kila wakifika kwenye pete ya saba, Hija alishusha sauti kama anayemsema mtu aliye chumba cha pili.

"Hapa ndipo dume anapojulikana. Jozi moja ya miguu hana. Mahali pake pana vikucha viwili, na hivyo ndivyo vyombo vyake vya ndoa."

"Haya, mwanamme we," alisema Kazija, akajifunika uso kwa kanga akicheka. Walikaa miaka ishirini na tisa katika ndoa, na kwa pete ya saba alicheka kila mara.

Kwa vikucha hivyo, Hija alimweleza, ndivyo wataalamu wanavyotenga jongoo wa aina hii na wa aina ile. Rangi hupauka, ukubwa hudanganya. Majongoo wawili watafanana kama pacha, lakini ukitazama vikucha utaona huyu ana ndoano na yule ana kijiko, basi hao si ndugu. Na katika msitu wa Ngezi, chini ya mipapindi, ile minazi myembamba ya msituni, palikuwa na jongoo mmoja ambaye Hija aliamini kwamba hajapata kupewa jina na mtu yeyote.

Alimwandika kwa miaka kumi na moja. Hija aliishia kidato cha pili, na maneno aliyatoa shambani na jikoni. Daftari lake la mwisho lilisema hivi: "Rangi yake ni ya karafuu iliyokauka vizuri. Ukingo wa kila pete mwekundu kama basibasi mbichi. Mgongo bapa, una chembechembe kama ngozi ya papa. Vikucha vya dume vimepinda kama mundu, na ncha imegawika meno mawili, la nje refu kuliko la ndani."

Daktari Nassor, mwalimu wa chuo kikuu huko Unguja, aliyasoma maneno hayo akayalinganisha na majongoo wote walioandikwa Unguja na bara. Hakumwona hata mmoja mwenye meno mawili. Alipiga simu akasema maelezo yamekamilika, atayafasiri na yatachapishwa kwa majina yao wawili, la Hija likitangulia. Kilichobaki ni dume mwenyewe, awekwe katika hifadhi awe shahidi, ili atakayebisha baada ya miaka mia akamtazame. Bila ya shahidi, makala haipokelewi.

Majike Hija alikuwa nao wengi. Dume alikuwa naye mmoja tu, ndani ya kichupa cha spiriti juu ya rafu ya chumbani, na Daktari Nassor alikuwa aje kumchukua mwezi wa tatu. Tarehe kumi na mbili ya mwezi wa pili, baada ya homa ya siku tatu, Hija akafariki.

Dada yake mkubwa, Bi Mwanamize, alifika kutoka Wambaa siku hiyo hiyo, akashika nyumba. Alipokea watu, akapika, akatandika mikeka. Kazija aliingia eda, akakaa chumba cha ndani na kanga zake nyeupe, asijue kinachopita uani. Ni siku ya nane ndipo alipouliza.

"Wifi, vile vichupa vya rafuni mmevihamishia wapi?"

Mwanamize alikuwa akichambua mchele. Mikono ikasita.

"Nimevimwaga."

"Umevimwaga wapi?"

"Shimoni, nikachoma moto na makumbi. Kazija, mimi nilikwenda kufagia kabla ya hitima, nikafungua kimoja, nikasikia harufu. Pombe. Chupa kumi na nne za pombe chumbani kwa ndugu yangu, na watu wako mlangoni na misahafu mikononi. Nikasema kama ndugu yangu alikuwa na siri yake, Mungu ndiye wa kumhukumu, mimi kazi yangu ni kumsitiri. Sikumwambia mtu. Hata wewe nilikuwa sitaki kukwambia, usije ukaona haya mbele yangu."

Hija alikuwa hakuwahi hata kuvuta sigara.

"Ilikuwa spiriti ya kuhifadhia majongoo, wifi. Shehe aliulizwa miaka mingi nyuma akasema si ya kunywa, haina neno."

"Na ndani mlikuwa na nini?"

"Kazi yake."

Akamweleza yote, la dume na la shahidi. Mwanamize alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaivuta tena sinia ya mchele akachambua mawe ambayo hayakuwamo. Kazija alitaka kukasirika na hakuweza. Nani angemgombeza mtu kwa kumsitiri nduguye?

Simu ya Daktari Nassor ilikuwa fupi. Alisoma innalillahi mara ya pili, mara ya kwanza alikuwa ameisoma kwa Hija. Akasema hata zikiwapo picha, hazitoshi. Masika yakianza majongoo watatoka, yakimalizika watarudi chini mpaka mwakani, na yeye mwezi wa saba anastaafu. Hajui nani baada yake atalishughulikia daftari la Kiswahili la mlinzi wa msitu.

"Nani ataweza kuwatambua?" aliuliza.

"Mimi nawatambua," alisema Kazija, "lakini mimi sitoki."

"Mimi natoka," alisema Mwanamize kutoka jikoni, "lakini siwatambui. Na nawaogopa."

Hivyo ndivyo walivyogawana kazi. Mvua ya kwanza ilipoanguka, Mwanamize, mwanamke wa miaka sitini na mbili aliyekuwa akimruka jongoo njiani kama nyoka, alivaa soksi za marehemu mikononi, akachukua bati la biskuti, akafuatana na walinzi mpaka mipapindini. Alifukua majani yaliyooza, akarudi adhuhuri mgongo umekufa. Kazija alikaa nyuma ya mlango, sinia nyeupe mapajani, lenzi jichoni.

"Huyu?"

"Jike."

"Na huyu mnene?"

"Jike. Miguu yake yote iko."

"Na huyu?"

"Huyu si wa kwetu hata, hana wekundu."

"Jamani, madume wamekwenda wapi? Wamekwenda dago, kambi za uvuvi, kama waume wa Kojani?"

"Waume wa Kojani wakenda dago hurudi na samaki, wifi. Wewe hurudi na majike."

Walicheka, kisha wakanyamaza wote wawili kwa sababu kicheko kilikuwa kimesikika sana katika nyumba ile. Jioni Mwanamize aliwarudisha majike msituni. Hija hakupenda kiumbe afe bila ya haja.

Zilipita wiki tatu hivyo. Majike mia moja na arubaini, Kazija aliwaandika. Usiku aliomba dua, na mchana aliogopa kwamba anasahau. Alipojaribu kukumbuka siku ambayo Hija alimleta yule dume, miaka sita iliyopita, aliliona tu umbo lake mlangoni, akicheka peke yake. Alisema kitu, amempata mahali fulani, na Kazija alikuwa akipalia moto akajibu "ehe" bila ya kusikiliza. Miaka ishirini na tisa ya mazungumzo, na alilolitaka duniani kote ni lile moja alilolijibu "ehe".

Mwezi wa nne alifungua sanduku la nguo za marehemu ili zitolewe sadaka. Alizikunja moja moja. Suruali zile za viraka, kila goti lina weusi wa udongo ambao sabuni ilishindwa nao. Mashati ya kazi. Katika shati moja, bega la kulia, palikuwa na doa la kijani pana kama kiganja, na Kazija akakaa nalo mkononi.

Alilikumbuka doa lile kwa sababu aliligombania. Alilifua mara tatu, kwa ndimu, kwa chumvi na kwa jua, na Hija akikaa karibu yake akimwambia aliache, ni alama ya furaha. "Furaha gani ya kuharibu shati la serikali?" alimwuliza. Na siku ile ile ya doa, siku ya kicheko cha mlangoni, alifua suruali kwa suuzo moja tu. Magoti yalikuwa safi.

"Wifi," aliita. "Siku aliyompata dume hakupiga magoti."

Mwanamize akaja mlangoni.

"Alisimama. Aliegemea mti. Hii kijani ni ile inayovaa miti kama zulia, kuvumwani. Sisi tunafukua chini, na madume wako juu. Kesho usiiname. Tafuta mipapindi iliyovaa hii, utazame usawa wa bega la mwanamme."

"Alhamdulillahi," alisema Mwanamize, akijishika kiuno. "Hata kama hayupo, mgongo wangu umekushukuru."

Siku ya kwanza hakuleta kitu. Siku ya pili mvua ilikata. Siku ya tatu alirudi kabla ya adhuhuri, bati amelikumbatia, hakupiga hodi. Ndani mlikuwa na kipande cha kuvumwani kilicholowa na jongoo mmoja, mwembamba kuliko majike, rangi ya karafuu, kingo nyekundu. Kazija alimgeuza kwa unyasi. Alihesabu kutoka kichwani, akafika saba, akarudia tena kutoka kichwani. Machozi yaliziba lenzi akaifuta kwa ncha ya kanga.

"Sema basi," alisema Mwanamize.

"Jozi moja hana."

Daktari Nassor alifika baada ya siku mbili, na hadubini yake ndani ya begi. Alikaa barazani, Kazija ndani nyuma ya pazia, Mwanamize katikati yao juu ya kizingiti. Daktari aliinamia hadubini muda mrefu kiasi kwamba chai yake ilipoa.

"Bi Kazija," alisema mwisho, "ni yeye. Kama mundu. Meno mawili, la nje refu. Marehemu hakukosea hata neno moja."

Daktari akamtia dume ndani ya kichupa cha spiriti aliyokuja nayo, kisha akatoa kikaratasi kidogo na kalamu. Akaandika mahali, tarehe, mti, kimo kutoka ardhini.

"Aliyemwokota. Niandike nani?"

"Hija," alisema Mwanamize upesi. "Andika Hija Jecha."

"Usiandike," alisema Kazija.

Daktari akainua kalamu.

"Daktari, samahani. Hija ametutoka mwezi wa pili. Huyu kaokotwa mwezi wa nne. Umetwambia huyu ni shahidi. Mimi niko ndani ya eda ya mume wangu, na sitaki ushahidi wake uanze kwa uongo, hata kama ni uongo wa kumpenda. Maneno ni yake, na jina lake litakuwa juu ya maneno yake. Aliyemwokota ni Mwanamize."

"Mimi ndiye niliyemchoma wa kwanza, Kazija. Jina langu litakaaje pale?"

"Litakaa kwa sababu ndiyo kweli."

Mwanamize aliufunika mdomo kwa mtandio. Daktari Nassor alisubiri mpaka alipotikisa kichwa kukubali, akaandika: Mwanamize Jecha. Akamsomea. Mwanamize akaomba amsomee mara nyengine, akauliza kama Jecha imeandikwa sawasawa, maana ni jina la baba yao wote wawili.

Gari lilipoondoka kuelekea Chake, Kazija alidhani wifi yake atafunga mzigo wake wa Wambaa. Lakini asubuhi alisikia bati la biskuti likikokotwa chini ya kitanda, na Mwanamize akitafuta soksi.

"Daktari kasema akipatikana wa pili ni bora zaidi," alisema, hakugeuka. "Na kama yuko mmoja juu ya ule mti, ana jirani."

Kazija akavuta sinia nyeupe, akaifuta, akaenda kukaa mlangoni penye mwanga.