Karibu ya Tatu

Ofisi ile ya shule ya Qurum, Maskati, ilinuka zulia jipya na chokoleti. Kiyoyozi kilinguruma juu ya dirisha, na mimi, mtoto wa miaka sita niliyesukwa nywele mpaka nyusi zikapanda, nilikaa kwenye kiti ambacho miguu yangu haikufika chini. Mama alikuwa kushoto kwangu, Baba kulia, na mbele yetu mwalimu mkuu, bibi mmoja wa Kizungu aliyetabasamu bila kupumzika. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilichofahamu ni kwamba watu wazima hawa watatu walitaka kitu kutoka kwangu, na hakuna aliyeniambia ni kitu gani.

Nyumbani kwetu Bawshar, suala la shule yangu lilikuwa limeshakaa miezi, kama mgeni asiyejua kuaga. Baba, aliyezaliwa Unguja na kuja Maskati kijana, alipata kazi ya wizarani kwa Kiingereza chake, basi akaamini kwamba asiyekuwa nacho yumo gizani. Alitaka shule ya kulipia, hiyo ya Qurum. Mama alitaka shule ya serikali iliyokuwa nyuma ya nyumba yetu. Yeye kila akifungua mdomo kwa Kiarabu maofisini, watu walimwuliza ametoka nchi gani, naye ni Muomani, baba na babu. "Msomeshe Kiarabu, Baba Zuwena," alikuwa akisema, "asije akawa mgeni kwao kama mimi." Baba akijibu kwamba Kiarabu nitakiokota njiani. Bibi, mama yake Baba, hakushika upande. Alichambua mchele wake na kusema mchagua nazi hupata koroma. Mimi nilisikiliza kila mmoja, nikajumlisha, nikarudia kujumlisha, na hesabu haikutoka. Lugha niliyoota kwayo na kugombana kwayo ilikuwa Kiswahili, na Kiswahili hakuna aliyekitafutia shule.

Hapa inanibidi nieleze adabu ya nyumba zetu, kwani ndiyo iliyoniponza. Mtoto akipelekwa kwa watu, akikaribishwa kitu mara ya kwanza husema ahsante, na mikono haiondoki mapajani. Mara ya pili husema nshashiba, hata kama tumbo linanung'unika. Mara ya tatu humtazama mama yake. Mama akiinamisha macho, chukua. Akiyakaza, ole wako ukifika nyumbani. Mtoto anayechukua kwa karibu ya kwanza huonekana kwao hakuliki. Leo nauza vitambaa sokoni Matrah, na naapa biashara sikufundishwa na mtu mwengine, maana anayekubali bei ya kwanza ni mgeni wa soko. Lakini mchezo huo unataka pande zote mbili ziujue.

Mwalimu mkuu akatoa sahani ya chokoleti na vibao vya rangi vya kujengea, akaviweka mbele yangu na kusema maneno yake. Baba akatafsiri: "Anasema chukua unachopenda, ujenge unachotaka." Nikasema ahsante. Akavisogeza karibu zaidi, akasema tena. Nikasema, "Nshashiba," na hapo nilikuwa najibu hata kwa niaba ya vibao, ambavyo haviliwi. Baba akakohoa. "Chukua, mwanangu, usiogope." Lakini ruhusa ya Baba haikuwa na thamani katika jambo hili, ufunguo alikuwa nao Mama. Nikageuka kumtazama. Macho yake yalikuwa wazi, yamenikalia usoni, hayakuinama wala hayakukazwa. Sikuwahi kuyaona vile. Nikangoja karibu ya tatu ije na macho yaseme neno. Mwalimu mkuu akaandika kidogo, akaondoa sahani. Kumbe wenzetu hukaribisha mara mbili tu, na hiyo ya pili ni kwa huruma.

Baada ya siku chache Baba alipigiwa simu: mtoto bado hajawa tayari, haitikii. Bibi akauliza kutoka kwenye ungo wake, "Angechota sahani nzima akatia kwapani, ndiyo angekuwa tayari?" Hakuna aliyecheka. Nikaingia shule ya serikali. Kiarabu nikakipata mpaka hakuna anayeniuliza nimetoka wapi. Kiingereza nikakiokota dukani kwa watalii, na kinanitosha kutetea bei. Baba hakunilaumu hata siku moja, ila tukipita Qurum alikuwa akiongeza sauti ya redio. Mimi nikabaki na swali langu. Nilidhani Mama alininyima ishara kwa makusudi ili shule yake ishinde. Siku niliyofurahi darasani nilimshukuru moyoni, na siku niliyochapwa nilimlaumu.

Sasa mwanangu anakaribia miaka mitano, na shule za kulipia zimejaa Bawshar kama maduka ya simu. Nimezizunguka, nikarudia kuzizunguka, nimeomba kupunguziwa kila mahali, nikaambulia kalamu na mifuko yenye nembo. Njia mbili zilimshinda fisi. Zangu mimi kila nikizihesabu zinaongezeka. Mwezi uliopita nikakaa na Mama jikoni, nikamwuliza siku ile macho yake yalisema nini.

Akaweka mwiko chini. "Yaseme nini, mwanangu? Sikufahamu hata neno moja la yule bibi. Baba yako anasema chukua, yule anaandika, na mimi sijui kuchukua ndiyo kufaulu au ndiyo kufeli. Nilikuwa nakutazama wewe. Nikisema labda mwenzangu keshafahamu."

Mimi si kama yeye: Kiingereza cha shule hizi nakisikia, Kiarabu nakiandika, na karatasi zao zote nimezisoma. Juzi nikampeleka mwanangu kwenye usaili wa shule moja. Mwalimu akamwinamia, akamwuliza kitu, nami nililifahamu kila neno. Hata hivyo nilijikuta nimemkodolea macho mtoto, nikingoja aniambie tunatakiwa tufanye nini. Naye akageuka, akanitazama mimi.