Alama Kifuani mwa Celestini

Tangu nimfahamu mume wangu Celestini, analima migomba na kutengeneza pombe ya ndizi hapa Mabawe, na muda wote huo anavuta tumbaku. Nimemgombeza kwa ajili hiyo miaka ishirini. Kwa hiyo walipotuambia kule Mwanza kwamba ana saratani ya pafu, sikushtuka. Nilikasirika tu, halafu hata hasira yenyewe ikakauka.

Alitundikiwa dripu za saratani kwa miezi minne. Nywele zikanyonyoka, kucha zikawa nyeusi, vidole vikafa ganzi. Uvimbe ulisinyaa lakini haukuisha, ndipo wakasema sasa ni mionzi, siku thelathini, Jumatatu hadi Ijumaa, mashine ikilenga pale penye uvimbe na si kwingine. Ili ipate kulenga, wakamchora kwa wino misalaba mitatu midogo, mmoja kifuani na miwili ubavuni. Tusisugue, wakasema, tusipake sabuni wala mafuta, na siku zisikatike. Mimi ndiye niliyekuwa mlinzi wa ile misalaba. Nilimwogesha kwa kitambaa kama mtoto mchanga, nikikwepa wino.

Siku ya kumi na nne iliangukia Alhamisi Kuu. Mashine ingepumzika hadi Jumanne, na daktari akaturuhusu kwenda nyumbani kwa Pasaka.

Mama mkwe wangu, Nyirabahizi, hana maneno mengi. Mtu wake akirudi kutoka mbali, humvua shati akampaka samli mwili mzima, bila kuuliza alikuwa wapi. Mwaka wa tisini na nne, walipokimbia Rwanda, alipotezana na Celestini njiani. Alipomkuta kambini Lukole baada ya wiki tatu, alitoa khanga yake ya pekee akapewa vijiko viwili vya samli, akampaka mbele ya watu. Hayo yote nayajua tangu niolewe. Hata hivyo, Ijumaa Kuu nilimwacha Celestini naye, nikaenda kanisani kwenye Njia ya Msalaba.

Niliporudi, Celestini alikuwa ameketi uani, kifua wazi, anang'aa. Misalaba ilikuwa imebaki ukungu wa bluu. Nyirabahizi alikuwa anafuta mikono yake kwenye majani ya mgomba, ametulia. Nilitazama tu ule ukungu.

Jumanne wataalamu wa mionzi walimgeuza huku na huku wasione pa kuanzia. Ilibidi apigwe picha upya, achorwe upya, na mahesabu ya mashine yafanywe upya. Tulipoteza siku tisa. Nilimwuliza daktari kama siku tisa ni nyingi. Alisema uvimbe hausubiri mtu, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Hapo ndipo nilipompigia simu mama mkwe. Kwetu mkwe hamwinulii mama mkwe hata macho, lakini nilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama ninayeagiza chumvi: "Mama, Celestini akifa, ni mikono yako."

"Nimesikia," akasema.

Celestini alikuwa kwenye benchi pembeni yangu. Akaniambia nisimlaumu mama, yeye mwenyewe alimwacha makusudi. Tangu zile dripu hakuwa akihisi kitu, si chakula, si maji ya kuoga, si mimi. Alitaka kujua kama atamhisi mama yake.

"Ulimhisi?"

"Hapana."

Nilitakiwa kulia. Nilikwenda kupanga foleni ya dawa.

Tulimaliza siku thelathini mwezi Mei. Majibu tutayapata baada ya miezi mitatu, kwa hiyo hadi leo sijui kama zile siku tisa zimemwua au la. Tulipofika nyumbani, Nyirabahizi alitusalimia akiwa mlangoni, mikono ameificha ndani ya khanga. Binti yetu Keza, aliyekuwa amejifungua tukiwa Mwanza, alininong'oneza kwamba bibi amekataa kumpaka hata mtoto. Kibuyu cha samli kilikuwa kimetundikwa ukutani, kimeshika vumbi.

Nilikitungua. Nilikifuta kwa nguo yangu, nikapiga magoti na kukiweka mikononi mwake.

"Mama, nilisema vibaya," nikamwambia. "Mpake mgongo na mikono. Kifua bado kimeungua na mionzi."

Alimvua mwanawe shati, akachota kidogo, akaanza mabegani. Celestini alikuwa ameinamisha kichwa na kufumba macho, nami nimebaki palepale, magoti yangu kwenye udongo.

"Ya baridi," akasema Celestini.

Mama yake akasimamisha mkono.

"Samli," akaongeza. "Ni ya baridi, mama. Ungeipasha kwanza."