Viti Nilivyoazima kwa Ajili ya Wageni

Wenzangu mnaoumwa mgongo, sikilizeni yaliyonipata. Zamani nilikuwa mbebaji pale Petite Barrière, mpakani mwa Rwanda na Kongo. Nilivusha magunia ya maharage hadi Goma mara nne kwa siku, na nilijivunia nguvu zangu kupita kiasi.

Asubuhi moja niliinama kupokea gunia, nikasikia kitu kinakatika kiunoni. Maumivu yakashuka mguu wa kushoto hadi vidoleni. Baada ya wiki mbili nilikuwa natambaa kwenda chooni, na siku nyingine sikuwahi. Binti yangu Zawadi alifua nguo zangu. Aibu ile iliniuma kuliko mgongo.

Ndipo tukasikia kuna watu wa utafiti wanapita nyumba kwa nyumba kuuliza habari za migongo. Kwetu Nengo mgeni hapokewi kwenye nyumba tupu. Zawadi akaenda kwa jirani yetu Mama Asha, naye mgonjwa wa mgongo, akaazima viti vinne, chupa ya chai na redio.

Bwana mwenye fomu aliuliza machache tu kuhusu mguu. Kisha akahesabu viti.

“Ile redio iko yako, mama?”

“Ndiyo,” nikasema. Ningemwambia nini, na chai ya watu iko mkononi mwake?

Kutoka kwangu akaenda kwa Mama Asha, akamkuta amekaa chini kwenye mkeka.

Mwezi uliofuata yalisomwa majina ya watakaotibiwa, wakitangulizwa wenye maisha duni. Mama Asha alikuwamo, mimi sikuwamo. Nikajikokota hadi kituo cha afya.

“Mama, we uko na uwezo,” muuguzi akaniambia. “Ni fomu inasema, hapana mi.”

Nililia njia nzima. Nilikata tamaa, nikaomba kufa.

Aliyeniokoa ni Mama Asha. Kila alipotoka kwenye matibabu alilala sakafuni kwangu, akanionyesha alichofundishwa. “Inua goti pole pole, dada. Bon, sasa pumua.” Tulifanya hivyo miezi saba, mpaka nikasimama.

Namshukuru Mungu, namshukuru na yeye. Nanyi wakija kuwauliza, mwacheni mgeni akae chini kwenye mkeka. Mimi sibebi tena, wala sitabeba. Magunia anabeba Zawadi, ana miaka kumi na sita. Juzi nilimwona ameshika kiuno. Alipojua namtazama, akauondoa mkono.