Majina Chini ya Mbao

Wiki tatu zilizopita kijana mmoja wa ofisi ya utamaduni alinipigia hodi, na tangu siku hiyo sijatulia. Wanatengeneza chumba cha historia ya mji, akaniambia, na wamefika kwenye ule mchezo wa kuteleza juu ya maji: mtu anasimama juu ya mbao mbili, ameshika kamba, boti inamvuta. Alikuwa na picha moja tu, ya mama wa kizungu akiteleza mbele ya mtaa wa Kasuku, meno yote nje. Akataka kujua kama ni kweli babu yangu aliendesha boti ya klabu, na kama wenyeji wa mji wetu wa Kindu nao waliwahi kuucheza mchezo huo. Nikamwambia walicheza, tena wengi. Akatoa kalamu, akauliza ushahidi uko wapi. Hapo, rafiki yangu, nilimvutia kiti akae, kwa sababu ushahidi niliuchoma mwenyewe nikiwa na miaka kumi na moja.

Niache nianze nyuma kidogo. Klabu ilikuwa nyumba ya matofali pale ukingoni mwa mto Lualaba. Wazungu walipoondoka, wakubwa wa reli waliirithi pamoja na boti yake, na pamoja na babu. Jumapili, wakubwa wakishachoka na kwenda kunywa bia yao, babu alitumia mafuta yaliyobaki kuwavuta watu wa mtaani: mwalimu, fundi cherehani, muuguzi, hata mwadhini wa msikiti wetu, ambaye wanasema aliomba dua tangu anashika kamba mpaka anaanguka. Mimi sikuyaona hayo, yalitokea kabla sijazaliwa. Nilihadithiwa mpaka nikawa kama niliyaona.

Mbao za Ulaya zilipoanza kuvunjika, babu alichonga zake. Alichemsha ncha ya ubao ndani ya pipa mpaka ulegee, akaupinda kati ya miti miwili, akaufunga waya na kuuacha siku nyingi. Mahali pa kuingiza miguu aliweka mpira wa tairi. Kisha kila wiki alizipaka mawese, akizisugua taratibu kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Nyumba yetu nzima ilinuka mawese na mti mbichi, na harufu ile naitamani hadi leo kuliko chakula.

Kulikuwa na desturi moja. Mtu akisimama juu ya maji kwa mara ya kwanza bila kuanguka, babu alipasha msumari moto akaliandika jina lake kwenye mbao. Aliliandika upande wa chini, usioonekana. Watu wengine walilalamika, wakitaka sifa zao zionekane. Yeye aliwajibu kwamba inatosha mto uwajue: "Mto njo unapashwa kukujua, hapana watu." Jina la jirani yetu, tuliyemwita mama jirani, lilikuwa karibu na ncha. Alikuwa muuza mawese sokoni, akaanguka asubuhi nzima huku watu wakimcheka, halafu akasimama, kitenge kimefungwa kiunoni, akaenda mpaka karibu na Alunguli, ng'ambo ya mto, na kurudi. Pembeni ya jina lake palibaki nafasi ya jina langu, maana babu aliahidi kunivuta nikitimiza miaka kumi na miwili.

Vita vikafika kabla ya miaka hiyo. Askari walichukua mashine ya boti, halafu boti yenyewe, halafu milango ya klabu. Babu aliwahi kuokoa jozi mbili, ile ya Ulaya iliyopakwa rangi nyekundu na ile yake yenye majina, akazibeba zimefungwa ndani ya mkeka kama mgonjwa. Mji ulizingirwa. Treni haikuja tena. Chumvi tuliilamba kwa ncha ya kidole. Aliyefuata mihogo na kuni nje ya mji, njia ya Kailo, labda alirudi, labda hakurudi. Watu walipikia viti, vitanda, madawati ya shule. Na mto wetu, ambao zamani ulijaa kelele za kufua na kuoga, ulibaki kimya, maji tukiyachota mbio huku tumeinama kwa hofu ya risasi.

Wakati huohuo babu alishikwa na ukaidi. Kila alasiri alitutoa watoto nyuma ya nyumba, akamwaga maji kwenye udongo, akatuchuchumaza juu ya magome ya migomba na kutuvuta kwa kamba. Magoti yakunjwe, mikono inyooke, usijiinue kwa nguvu zako, ngoja kamba ikuinue. Tulikuwa na njaa na tulicheka. Siku moja nilimuuliza Koko, ndivyo tulivyomwita babu, boti itatoka wapi. Alisema boti itapatikana, watu wanaojua kusimama ndio hawapatikani dukani.

Halafu mama yangu alikwenda kutafuta mihogo, siku ya tatu akawa hajarudi. Babu akatoka kumwulizia. Nyumbani nilibaki mimi na mdogo wangu, mtoto wa miaka miwili, anaharisha mpaka macho yameingia ndani. Muuguzi alikuwa ametuonya tusimpe maji yasiyochemshwa. Kuni hakuna, makaa hakuna. Nilianza na mbao nyekundu, kama babu alivyoagiza kwamba mambo yakizidi zitangulie hizo. Rangi ikatoa moshi mweusi unaokaba. Mama jirani akaja akikohoa, akanigombeza kwamba sumu ile itammaliza mtoto, akauzima moto kwa mchanga, akaenda zake. Naye hakuwa na kijiti cha kunipa.

Sitakudanganya kwamba sikujua ninachofanya. Nilijua. Nilizitoa mbao za babu kwenye mkeka, nikazipasua kwa shoka, nikaviweka vipande majina yakiangalia chini ili nisiyasome. Mawese ya miaka yote ile yaliwaka vizuri ajabu. Sijawahi kuona moto mzuri kama ule.

Babu alirudi kabla jua halijazama, peke yake. Akaliangalia jivu. Nilingoja kofi.

"Maji ilichemuka?" akauliza.

"Ndiyo, Koko."

"Mutoto alikunywa?"

"Alikunywa."

Akakaa chini, akaanza kunitajia majina nikariri. Alitaja machache, akakwama. Akarudia mwanzo, akakwama palepale. Miaka yote aliuachia ubao ukumbuke kwa niaba yake. Mdogo wangu alikufa keshoye asubuhi. Mama hakurudi. Babu naye hakuuona mwisho wa vita, na mpaka anafariki alikuwa bado ananitajia majina yaleyale machache.

Kijana wa ofisi alinisikiliza kwa heshima. Akasema, "Pole sana, mama. Lakini natafuta mutu mwenye alisimama yeye mwenyewe." Mwalimu amekufa, fundi amekufa, mwadhini amekufa, muuguzi alihamia Kibombo na huko akazikwa. Amebaki mama jirani, naye uzee umeshaanza kumnyang'anya kumbukumbu. Jana nilimwogesha, nikamvalisha kitenge kizuri, nikampakia nyuma ya pikipiki mpaka ofisini. Njia nzima nilimkumbusha: kamba, boti, Alunguli. Aliitikia kwa kichwa akitabasamu.

Kijana akamkalisha, akamwonyesha ile picha, akamwuliza polepole kama aliwahi kusimama juu ya maji.

Mama jirani akaitazama sana. "Miye? Apana, mwanangu," akasema. "Ile ilikuwaka mambo ya wazungu."

Nilimshika mkono, nikamwambia jina lake lilikuwa karibu na ncha, nililiona kwa macho yangu. Akanihurumia, akanipapasa mkono kama mimi ndiye niliyepotewa na akili. Kijana aliandika maneno yake kama alivyoyasema, akaniomba radhi, akaibandika picha ya yule mama wa kizungu ukutani.