Kaka Yangu Hakurogwa

Muuguzi aliniuliza kama mgonjwa niliyemleta ni baba yangu. Nikamwambia ni kaka yangu, kanizidi miaka mitatu tu. Akamtazama tena, kisha akaandika umri niliomtajia, hamsini na mbili, kwenye faili. Upande mmoja wa mwili ulikuwa umepooza, mdomo umekwenda kando, meno ya mbele hayapo. Meno hayo aling'olewa kwenye ugomvi kilabuni Majengo, wakati mimi nina mimba ya mwanangu wa kwanza.

Daktari alitaka historia yake, nikampa yote. Kwamba alifukuzwa shule darasa la sita kwa kumpasua mwenzake kichwa kwa jiwe. Kwamba amefungwa mara mbili, kwanza kwa wizi, halafu kwa kumkata mtu panga. Kwamba gongo na sigara ndivyo vilikuwa chakula chake, amepigwa kichwani mara nyingi kuliko ninavyokumbuka, na dawa za presha alizopewa miaka sita iliyopita alizitupa chooni. Daktari akasema kiharusi kimemkuta figo na ini vimeshachoka zamani, na maisha hayo ndiyo yaliyomzeesha mapema hivyo.

Tulimrudisha nyumbani kwa mama, huko Mshangano. Mama anakaribia miaka themanini na bado analima mwenyewe. Mkono wake wa kushoto haunyooki, kwa sababu kaka aliuvunja kwa mpini wa jembe. Kwa mkono huohuo alimshika kidevu akimlisha uji. Nilitoka nje nisione.

Wiki ya pili, baba mdogo alikuja kutoka Maposeni na ndugu wengine wawili. Wakazunguka na maneno weee, mwisho wakasema kaka amerogwa. Na mchawi walikuwa wameshampata: mjane jirani yetu, ambaye kaka alimchomea ghala la mahindi. Baba mdogo akasema huyo ana sababu ya kulipiza, aitwe ajieleze.

Nilikuwa nimewaamkia vizuri, shikamoo kwa kila mmoja. Hapo nikasimama.

"Baba mdogo, hakurogwa. Alikunywa, akapiga watu, akapigwa, akakataa dawa, miaka yote hiyo. Na ninyi mlikuwapo. Alipomvunja mama mkono mlisema ni ujana. Leo mnataka kumtesa mjane ambaye alishateswa?"

Baba mdogo akasema mwanamke hazungumzi hivyo mbele ya wakubwa. Mama akaniomba nikae. Sikukaa. Kaka, aliyekuwa amelala kwenye godoro pembeni, akaanza kutoa sauti. Tulidhani anataka maji. Alirudia mara tatu ndipo tukamwelewa.

"Mwacheni mama yule. Ni mimi."

Ndugu waliondoka bila kula. Mjane hakuitwa.

Mdogo wetu wa mwisho aliposimuliwa kwa simu alilia, akasema sasa nimsamehe. Sijamsamehe. Alikuwa na miaka yote ya kusema "ni mimi", akangoja mpaka ulimi umekuwa mzito. Nampa dawa asubuhi na jioni, namgeuza asipate vidonda, nampima presha, na siku nyingine namnywesha kwa hasira mpaka maji yanamwagika kifuani kwake. Mama akiona hivyo hunipokonya kikombe taratibu, akamnywesha mwenyewe.