Lori la Kumpeleka Mzee Melini

Sikusoma sana, niliishia darasa la nne. Haya nayatoa katika daftari langu la zamani ambalo wino wake umeanza kupauka. Pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, wakati wa kipupwe. Nilikuwa dereva wa lori la bwana mmoja Mwarabu, mwenye minazi upande wa Pongwe. Lori lenyewe lilikuwa masalia ya vita. Askari walilichoka, likauzwa, likauzwa tena, na lilipomfikia bwana wangu halikuwa na kioo kimoja kilichofunga sawasawa. Bwana alinipa lori siku nzima bila kinyongo, nimpeleke baba mkwe wangu bandarini Tanga, maana mzee alikuwa anakwenda Makka. Safari hiyo aliingoja tangu mke wangu hajazaliwa. Meli ya kwenda Mombasa ilikuwa iondoke adhuhuri, na huko Mombasa ndiko ilikokuwa meli ya Jidda. Atakayeikosa ya kwanza ameikosa na ya pili, na mzee kwa umri wake hakuwa na mwaka mwingine wa kuchezea.

Nililala Tongoni kwa wakwe, lori nimelisimamisha nje ya ua. Baada ya sala ya alfajiri, kwa haraka ya siku ile, nikapanda bila kufungua boneti, nikabonyeza stata. Injini ikazunguka, tena kwa nguvu, lakini haikushika. Nikarudia, mambo yale yale. Nikashuka na hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono, nisije nikaimaliza betri, nikazungusha mpaka shati likanigandama mgongoni. Inazunguka, haiwaki.

Watu walikuwa wamekwisha kusanyika kumsindikiza mzee. Vigelegele vilivyoanza ndani vikakatika kimoja kimoja. Jirani mmoja, fundi wa baiskeli, mtu wa maneno, akasema kwa sauti, "Dereva, mpe uji kwanza! Huyo hajafungua kinywa!"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka kidogo, nikafungua boneti.

Injini inayozunguka isiwake, ama haipati petroli, ama haipati moto wa plagi. Hilo nililijua. Nikaamua ni petroli, kwa sababu pipa tulilokuwa tunachotea lilikuwa na uchafu. Yule fundi akainama kando yangu, akasema polepole, "Mimi ningetazama moto."

"Wewe katazame pancha zako," nikamwambia.

Nayaandika haya kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na haki, si mimi. Nilifungua mrija, nikaupuliza hadi kinywa kikajaa petroli, nikafungua kabureta, nikaiosha, nikaifunga. Petroli ilikuwa safi na inafika vizuri. Kazi yote hiyo ilikuwa bure, na jua lilikuwa limekwisha panda juu ya minazi.

Mzee alikaa kwenye kiti mlangoni, kanzu mpya, furushi la nguo na birika la udhu miguuni pake. Hakuniuliza hata mara moja. Afadhali angeuliza. Tasbihi ilikuwa inakwenda vidoleni mwake bila haraka, mpaka mtu mmoja nyuma ya watu, sikumwona ni nani, akasema, "Labda hajaitwa."

Kwetu mtu haendi Makka kwa kutaka kwake tu, huitwa. Na asiyeitwa hata akifika bandarini hurudi. Sauti ile haikuwa kubwa, lakini nikaona vidole vya mzee vimesimama kwenye tasbihi. Akatazama lori, kisha akalitazama lile furushi lake, kama mtu anayefikiri kulirudisha ndani. Hapo nikajua kwamba si saa ya meli tu inayonikimbia. Mzee mwenyewe angeweza kusema basi, na akisema basi hakuna wa kumbembeleza.

Nikamwendea yule fundi wa baiskeli. "Ndugu yangu, nishikie hendeli." Nikachomoa waya wa plagi moja, nikausogeza karibu na chuma. Akazungusha. Hakuna cheche. Tukajaribu ya pili, hakuna. Angekuwa na haki ya kunisema, lakini aliinama tu kutazama pamoja nami.

Chini ya boneti kuna kifuniko cheusi kinachogawa moto kwa plagi zote, nyaya zinakitoka juu kama mikono ya pweza. Nikafungua vibanio vyake, nikakigeuza. Ndani kimelowa. Nikatia kidole, kikatoka na maji ya manjano. Nikanusa. Marashi.

Nilisimama pale nimeinamisha kichwa ndani ya boneti kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jana yake jioni mwalimu wa Kurani alikuwa amemwandikia mzee kombe: aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, ikaoshwa kwa maji na marashi ya waridi, mzee akanywa kwa ajili ya salama ya safari. Kikabaki kikombe kimoja, mama mkwe akakiweka. Naye kila nilipolala kwao alikuwa akiniona asubuhi nafungua boneti na kukipangusa umande kile kifuniko kabla ya kitu kingine chochote. Bila shaka aliona pale ndipo penye roho ya gari. Basi usiku akaenda kukimwagia kile kikombe, aikinge roho ya gari.

Lakini kifuniko kizima kingeyamwaga maji yale nje, yasiingie. Hiki kilikuwa na ufa, mwembamba kama unywele. Nami ufa ule nilikwisha uona juma lililopita, nikajiambia nitautengeneza.

Kupangusa hakukutosha, kilitaka moto wa kukikausha, na moto ulikuwa jikoni kwa mama mkwe. Sisi mkwe haingii jikoni kwa mkwewe. Hata kutazamana hatutazamani sana. Nikasimama nje ya mlango, nikakohoa.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Karibu." Kisha akakiona nilichoshika, na zafarani vidoleni mwangu. Akajitanda kanga hadi puani. "Ndicho?"

"Ndicho, mama."

"Kimelowa?"

"Kimelowa kidogo."

Akanyoosha mkono. Nilidhani anataka kukitazama tu, kumbe akakichukua, akakiinamisha juu ya makaa, mbali kiasi, akikigeuza polepole kwa ncha ya kanga kama anayekausha nguo ya mtoto mchanga. Mimi nikabaki kizingitini natazama sakafu.

"Ni maji yangu?" akauliza, mgongo umenielekea.

Nilitaka kumwambia ni umande. Kipupwe kina umande mwingi, angeamini. Lakini sijui kusema uongo vizuri, huwa naujaza maneno mpaka unajulikana. Nikasema, "Nusu maji, mama, nusu ufa. Na ufa ni wangu, niliuona nikauacha."

Akakigeuza kifuniko upande wa pili. Kisha akasema, "Basi tugawane." Nikasikia sauti yake inacheka na kulia kwa pamoja. "Ila baba yenu asijue, mwanangu. Watasema nimemzuia. Wallahi nilitaka afike."

"Hatajua kwangu."

Alinirudishia kifuniko kikiwa na joto kama chapati. Nikaukwangua ufa kwa ncha ya kisu, kuondoa masizi yaliyokuwa yanapoteza moto, nikakirudisha mahali pake. Fundi akazungusha mara moja, mara ya pili, lori likakohoa, likashika. Vigelegele vikarudi vyote kwa mpigo.

Mzee akainuka. "Ilikuwa nini, mwanangu?"

Watu wote walikuwa wakisikiliza. Nikasema, "Kifuniko kina ufa, baba. Niliuona juma lililopita nikapuuza."

"Dereva gani wewe!" akasema fundi wa baiskeli. "Mtu anakwenda hija, wewe unamwekea ufa!" Watu wakanisema, wengine kwa mzaha, wengine kweli. Hakuna aliyesema tena habari ya kuitwa. Sijui mpaka leo kama nilijitwika lawama kwa wema, au niliona raha kuonekana mwema mbele ya mlango wa jikoni. Huenda yote mawili.

Njia nzima niliendesha nikiogopa mashimo. Mama mkwe alikaa nyuma na wanawake wenzake, mzee mbele na mimi. Tulifika Tanga meli ikiwa bado imesimama mbali na ufuko, na mashua ya kupeleka abiria imekwisha jaa nusu. Hapo mzee akawaomba watu radhi mmoja mmoja, kama wafanyavyo mahujaji. Alipofika kwangu akanivuta kando.

"Kama nimekukosea, niwie radhi."

"Nimekuwia radhi, baba. Nami..." Nilihisi kama ninamdanganya mtu aliye njiani kwenda kwa Mungu.

Akanishika bega. "Nilimsikia alipotoka kitandani na kile kikombe. Nikajifanya nimelala." Akatazama kule wanawake walikosimama. "Asijue kwamba najua. Ataona haya mpaka nirudi, na mimi sitaki angoje kwa haya."

Akaenda kwa mkewe. Walichoambiana hatukukisikia. Nilimwona tu mama mkwe akimnyooshea kola ya kanzu, ambayo haikuwa imejikunja. Kisha mzee akaingia mashuani, watu wakasogea wampishe, akakaa.

Mama mkwe alinijia baadaye, macho mekundu. "Amekwambia nini?"

"Ameniomba radhi, mama."

"Basi?"

"Basi."

Mzee alifika, akahiji, akarudi, wakakaa pamoja miaka mingi. Kila mmoja aliniachia siri ya kumficha mwenzake, nami nikazitunza zote mbili, na mara nyingi nilipokaa nao barazani nilijiuliza kama siwanyimi kitu. Sasa wote wawili wamelala Tongoni. Nimeona naweza kuyatoa daftarini. Kama bado ilikuwa amana, waniwie radhi.