Mtaa Uliofichwa Nyuma ya Maghorofa

Hasira hii ni ya zamani na sina nia ya kuipoza. Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa muuguzi katika hospitali moja ya Birmingham, Uingereza, nimepanga chumba kitongoji cha Nechells, kwenye mtaa mfupi wa nyumba kuukuu zilizobanana kando ya mfereji. Choo kilikuwa uani. Wakati wa baridi ukitaka kwenda haja unavaa koti, unavaa viatu, unakanyaga barafu, halafu unakuta mwenzako ametangulia. Unasimama pale unatetemeka.

Mwaka wa sensa walitafuta watu wa kugawa fomu na kuzikusanya, kazi ya siku chache, nami nikajiandikisha. Walinipa mtaa wetu wenyewe. Nusu ya wakazi walikuwa Wahindi waliotoka Kenya na Uganda, na bwana aliyetusimamia aliamini kwamba mtu wa Kenya kama mimi lazima anajua Kihindi. Mimi sijui hata neno. Lakini jirani zangu wa mlango wa pili walikuwa Kalasinga wa Nairobi, kama tulivyozoea kuwaita nyumbani, na Kiswahili chao cha jikoni kilinitosha kabisa. Mama wa nyumba ile aliniita dada. Mama mkwe wake, mzee mwenye magoti mabovu, mimi na mtaa mzima tulimwita bibi.

Mume wa yule mama hakutaka kuiona ile fomu. Iliuliza umezaliwa wapi, na wazazi wako wamezaliwa wapi. Alisema wakikuuliza hivyo leo, kesho wanakuonyesha mlango. Sikumlaumu, maana kule Nairobi alikuwa ameshafungasha vitu mara moja kwa sababu ya karatasi za uraia. Basi nikaketi jikoni kwao, nikanywa chai yao yenye tangawizi, nikageuka nikazungumza na bibi, kwa sababu nilijua neno la mwisho mle ndani ni la nani.

"Bibi, hapa wanauliza kama choo kiko ndani," nilimwambia. "Tukiandika ukweli, watakuja wakujengee."

Nani alinituma niseme vile? Hakuna. Maneno yale niliyatoa kichwani mwangu na niliyaamini. Bibi akamwambia mwanawe ajaze, naye akajaza, na kwenye swali la choo cha ndani akaandika hakuna. Nilipita nyumba zote za mtaa ule nikisema maneno yale yale, na karibu kila fomu niliyoirudisha ilikuwa na jibu lile lile. Nilijiona nimefanya jambo la maana sana.

Baada ya mwaka na zaidi tukasikia manispaa imechagua maeneo ambayo nyumba zake zitafanyiwa matengenezo: maji ya moto, bafu, choo ndani. Sisi hatumo. Nikadhani ni makosa ya karani fulani, nikatumia siku yangu ya mapumziko kwenda ofisini kwao kuyasahihisha.

Kijana aliyenipokea alikuwa na adabu, na hilo ndilo lililozidi kuniudhi. Alitandaza ramani mezani, akanionyesha kwa ncha ya penseli. Mtaa wetu, alisema, ulikuwa na watu wachache mno kuhesabiwa peke yake. Kila eneo la takwimu lilitakiwa liwe na watu wa kutosha, kwa hiyo tumeunganishwa na maghorofa mapya ng'ambo ya mfereji. Na kule kwenye maghorofa kila nyumba ina bafu na choo chake. Ukiwachanganya wote, eneo zima linaonekana halina shida.

Nilimwambia sisi hatuendi haja kwenye maghorofa. Akatabasamu kidogo, akasema mstari lazima upite mahali fulani. Ati mahali fulani! Mfereji ulikuwepo, mpana, mchafu, unaonekana hata na kipofu, na mstari wao ukauruka ili utukumbatie na watu ambao hatujawahi hata kusalimiana nao. Nilimwuliza kama yeye, au yeyote pale ofisini, amewahi kufika mtaani kwetu. Alisema hiyo si kazi ya idara yake, akaanza kuikunja ramani.

Nilirudi nikamweleza mama wa jirani, nikijaribu kutabasamu kama yule kijana. Alikuwa anakanda unga. Hakuinua macho.

"Dada, wewe ndiye uliyetuandika," alisema. "Sasa rudi ukatufute."

Nilikwenda chumbani kwangu nikalia kwa hasira, na hasira yenyewe nusu ilikuwa juu yangu.

Baridi iliyofuata bibi aliteleza uani asubuhi, njiani kwenda chooni, akavunjika nyonga. Akaletwa kwenye wodi yangu. Alifanyiwa upasuaji, akajifunza kusimama kwa fremu ya kutembelea, na kila siku mkwewe alimletea chapati akimwuliza atarudi lini nyumbani. Ikafika siku ya kumruhusu, na sista, muuguzi mkuu wa wodi, akatoa fomu. Mgonjwa wa aina ile hakurudishwa kwenye nyumba isiyo na choo cha ndani. Angepelekwa makao ya wazee, mbali, ambako hakuna mtu mmoja anayejua Kipunjabi, wala Kiswahili. Niliwajua walioishia huko. Waliacha kula.

Sista alijua naishi mlango wa pili na bibi, akaniuliza mimi. Swali lilikuwa lile lile nililolibeba nyumba hadi nyumba mwaka wa sensa.

"Kwa takwimu za manispaa," nikasema, "nyumba za eneo letu zina vyoo ndani."

Akaandika kipo.

Watu wa ambulansi walimrudisha bibi siku ya Alhamisi, tukamlaza chumba cha chini. Tukamwekea kando ya kitanda kiti chenye ndoo, na kila asubuhi kabla ya zamu niliibeba ndoo ile kupita uani, juu ya barafu ile ile. Siku ya tatu aliniuliza kama wale watu wa fomu wamesema watakuja lini kumjengea choo.

Nikamwambia kwenye karatasi zao wameshamaliza.